Kundi la Biblia lisiposhibisha

Dada yangu, umeuliza kama uache kundi la Biblia la mtaani kwenu Mbagala kwa sababu kila Alhamisi mnasoma sura nzima, mwenzenu mmoja anahubiri hadi saa tatu usiku, nawe unarudi nyumbani mtupu. Usiache kwanza; pendekeza msome kidogo. Waraka kwa Wafilipi una sura 4 tu, na mkichukua mistari sita au saba kwa juma, ikasomwa kwa sauti mara mbili, kwanza katika tafsiri ya Union Version ya 1952, kisha katika tafsiri ya Habari Njema, maswali yatazuka yenyewe. Katika Matendo ya Mitume sura ya 8, Mwethiopia aliyekuwa akisoma Isaya garini alikiri kwamba hawezi kuelewa pasipo mtu wa kumwongoza, lakini Filipo, aliyemkuta njiani, alianzia andiko lile lile lililokuwa mbele yake, wala hakumpandia mimbari. Huyo mhubiri wenu aambiwe faraghani, kwa heshima, na ikiwezekana na mtu wa rika lake. Masika ikifunga barabara, kila mtu asome mistari hiyo hiyo kwake, na mkikutana tena mwanze na yule ambaye huwa hasemi.