Mistari ya chuma: inasambaa, inatambaa au inaenea?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nasomea ufundi wa vyuma hapa Kigoma, nakaa Ujiji. Juzi darasani tulivuta kipande cha chuma laini kwenye mashine. Ikatokea mistari ya mshazari upande mmoja, ikaendelea taratibu mpaka upande wa pili. Nimeandika kwenye daftari "mistari ilisambaa". Fundi ninayeshinda naye gereji kule Mwanga ananicheka, anasema "ilitambaa". Nani amepatia?

JIBU: Marahaba. Hakuna aliyepatia, ila fundi wako amekosa kwa sababu nzuri zaidi.

Tuanze na lako. Mwaga ungo wa dagaa wakavu pale mwaloni Kibirizi uone: huyu kule, yule huku, katikati mchanga mtupu. Huko ndiko kusambaa. Vitu ni vingi, kila kimoja kimeshika njia yake, na mapengo yanaachwa. Ndiyo maana vioo vya gari husambaa barabarani na uvumi husambaa mjini. Mistari yako haikuacha mapengo.

Kutambaa kunataka kichwa. Mtazame mche wa boga: ncha ndiyo inayotafuta njia, shina linabaki nyuma. Ufa uko hivyohivyo. Fundi wako kila wiki analetewa madigadi yenye ufa ulioanzia kwenye tundu la bolti, na anajua dawa yake: anatoboa tundu dogo la mviringo penye ncha kabisa ya ufa ili makali ya nguvu pale yapungue, ndipo anachomelea. Angetoboa katikati ya ufa angejisumbua bure, maana katikati hakuna kinachotembea. Mtu aliyezoea kuwinda ncha atasema "kutambaa" kwa kila kinachosogea kwenye bati, na simlaumu.

Sasa kuenea. Tone la mawese limedondoka kwenye kanzu nyeupe. (Wa Kigoma hahitaji kusimuliwa.) Doa linakua kwa ukingo wake, na pale lilipopita halipaachi. Ndiyo "eneo" lenyewe hilo, neno lililozaliwa na kitenzi hiki: mahali palipoenewa. Hata nguo ikikutosha mwili mzima husemwa imekuenea.

Na mistari yako ndivyo ilivyofanya. Inaitwa kwa jina la Mjerumani Wilhelm Lüders, aliyeieleza mwaka 1860. Chuma laini hakivutiki chote kwa mpigo. Ndani ya fuwele zake, yaani punje ambazo chembe zake zimejipanga kwa safu, mna kasoro ndogondogo za mpangilio ambazo zikiteleza ndipo chuma kinageuka umbo, lakini chembe za kaboni na naitrojeni zimezing'ang'ania. Zikichomoka mahali pamoja, aghalabu karibu na taya za mashine, pale panavutika ghafla kwa asilimia moja au mbili, huku jirani yake angali mzima, ukiachia mzigo atarudi alivyokuwa. Palipovutika panakuwa pagumu, basi zamu inamfikia jirani. Zamu inahama, alama inabaki. Andika: "mistari ilienea kutoka upande mmoja hadi wa pili." Ingekuwa aloi, yaani mchanganyiko, ya alumini na magnesi ningekuruhusu hata "kuruka", kwa kuwa humo mistari huweza kutokea hapa, ikapotea, ikaibuka pengine.

Usije tu ukaandika chuma "kimeumbuka" kwa kuwa kimepoteza umbo. Kwa masikio ya wengi kitakuwa kimeaibika, na darasa zima litakucheka. "Kimegeuka umbo" inatosha.

Umeniachia jambo moja hukuliuliza. Mkiendelea kuvuta, kipande kitakonda mahali pamoja kama shingo. Hapo hata "kuenea" ninakunyang'anya. Chuma bado kinazidi ugumu, ila si kwa kasi ya kufidia wembamba, kwa hiyo mzigo wote unapaandama palepale. Shingo imejikita. Ukitaka kuona shingo inayoenea, chukua mfuko laini wa plastiki wa kufungia karanga, ukate utepe, uvute polepole. Utakonda mahali, pengine pageuke peupe, kisha badala ya kukatika ule wembamba utakula utepe kwenda pande zote mbili, kwa sababu nyuzi ndefu za plastiki zikishanyooka zinakuwa imara kuliko sehemu ambayo haijavutwa. Umbo ni lile la shingo ya chuma, kitenzi ni kingine.

Na fundi wako naye ana haki yake mwishoni. Ndani ya shingo ya chuma hufunguka vishimo vidogo, vinaungana katikati, na ufa unaozaliwa humo unakwenda nje hadi kipande kikatike. Huo, ndugu yangu, unatambaa.