Shangazi, podikasti yetu imegeuka ya matusi

SWALI: Shikamoo Shangazi. Tuko vijana watatu hapa Chikongola, Mtwara mjini, tunarekodi podikasti ya siasa kwa simu. Mmoja ni kada wa CCM, mwingine ACT-Wazalendo, mimi sina chama, ndiye mwendeshaji. Kipindi cha stakabadhi ghalani, ule mfumo wa kupeleka korosho ghalani ziuzwe kwa mnada, kiliisha mmoja kaitwa chawa, mwingine msaliti, na wasikilizaji wakaongezeka! Wenzangu wanataka tuendelee hivyo hivyo. Mimi naona tuache siasa, tuzungumzie mpira. Unasemaje?

JIBU: Marahaba mwanangu. Mpira? Yaani unakimbia ugomvi wa CCM na ACT ukajifiche kwa Simba na Yanga?

Kipindi ulichonitumia nimekisikiliza chote huku nabangua korosho. Mwanzo wake mzuri sana. Wa CCM anasema mnadani wanunuzi wanashindana, na mkulima hapunjwi na kangomba, wale walanguzi wanaonunua korosho kwa bei ya kutupa. Wa ACT anasema mkulima akishapeleka magunia chama cha msingi cha ushirika anabaki na karatasi mkononi, anangoja hela, na zikija zina makato. Mwenye mtoto wa kupeleka shule Januari atangojaje? Sasa hapo mmoja anazungumzia bei, mwenzake anazungumzia muda. Hawajapingana bado! Ndipo ulipotakiwa kuingia. Wewe ukacheka, ukasema "twende kazi", wakaendelea mpaka kwenye chawa.

Safari ijayo, kabla mtu hajajibu, arudie hoja ya mwenzake mpaka mwenyewe akiri, "Ndivyo nilivyosema." Watachukia mwanzoni. Waache wachukie.

Halafu wabane kwenye itikadi, maana hapo ndipo pana utamu. CCM kwenye katiba yake inajiita chama cha ujamaa na kujitegemea. ACT nao mwaka 2015 walitoa Azimio la Tabora, wakisema wanahuisha Azimio la Arusha. Kwenye makaratasi wote wajamaa hao! Basi muulize wa ACT kwa nini anatetea kila mkulima auze apendapo, kama mfanyabiashara wa soko huria. Na wa CCM muulize kuhusu mwaka 2018, Serikali iliponunua korosho kwa shilingi 3,300 kilo na jeshi likaingia kuzisomba: je, angetaka irudiwe? Hapo hakuna jibu la kukariri.

Tena mwaka huohuo, Bunge lilipojadili tozo ya korosho zinazouzwa nje, wabunge wa Kusini wa CCM na wa CUF walijikuta wakidai kitu kimoja: asilimia 65 ya tozo hiyo irudi kwenye zao. Wakumbushe hilo kila wakianza kugawana watu kwa rangi za fulana.

Matusi yakate unapohariri, na waambie mapema kwamba yatakatwa. Wasikilizaji waliofuata matusi wakihama, waage vizuri.

Ila mmenikera jambo moja: saa nzima ya korosho, hakuna mkulima aliyesikika. Mwalikeni mama mmoja mwenye mikorosho kule Nanyamba, mumuulize msimu uliopita alipeleka lini na alilipwa lini. Makada wenu wanyamaze mpaka amalize. Na simu muiweke karibu naye, msirekodie barazani. Safari iliyopita bodaboda zimemeza nusu ya maneno.