Unaweka aikoni au unaongeza aikoni?

Msomaji kaniandikia hivi: "Shikamoo mwalimu. Naandaa maelekezo ya kutengeneza tovuti binafsi kwa ajili ya wanachuo wenzangu, kuna mahali nimeandika 'Ongeza ikoni ndogo ya kivinjari kwenye tovuti yako'. Rafiki yangu kasoma akasema ameelewa ila haisikiki kama Kiswahili. Kosa liko wapi, na je ni ikoni au aikoni?"

Marahaba. Rafiki yako ana sikio zuri, na tatizo sio neno ikoni, tatizo ni kitenzi na hiyo "ya" ya katikati.

Tuanze na ongeza. Mtu akikwambia ongeza sukari maana yake chai ina sukari tayari ila haijakolea, kama haina kabisa atakwambia weka sukari, au tia. Ongeza bei, ongeza sauti, ongeza mshahara, kote huko kitu kipo, wewe unakizidisha tu. Sasa tovuti yako haina aikoni hata moja, unaongeza nini? Siku hizi kwenye simu na programu ni ongeza picha, ongeza akaunti, ongeza rafiki, mpaka vijana wanaandika hivyo hata pale ambapo kwa mdomo wasingesema, na hili linaniuma kweli maana weka tunalo, fupi, halina mtu asiyelielewa. Ongeza itakuja kufaa baadaye, umeshaweka ile ndogo ya pikseli 16 kwa 16 halafu unataka na kubwa ya pikseli 180 kwa 180, ambayo iPhone inaitumia mtu akiiweka tovuti yako pamoja na programu zake kwenye skrini ya simu. Hapo sawa, ongeza aikoni nyingine. Ukiitoa ya zamani ukaweka mpya, hapo umebadilisha.

Halafu "ikoni ya kivinjari". Mimi nikisoma hivyo nafikiria lile duara la rangi la Chrome au yule mbweha wa Firefox, yaani alama ya programu yenyewe, ile unayobonyeza ili uingie intaneti. Ukisema kitu cha fulani, msomaji anaelewa fulani ndo mwenye nacho, na hii picha mwenye nayo ni tovuti yako, kivinjari kazi yake ni kuionyesha tu, kwenye kichupo (tab) pembeni ya jina la ukurasa na kwenye orodha ya kurasa ulizohifadhi. Na kwa kweli ilianzia kwenye hiyo orodha, kivinjari cha Internet Explorer 5 ndo kilikuja nayo mwaka 1999, ikiwa alama ya kurasa ambazo mtu anazipenda. Kwa hiyo ni aikoni ya tovuti, na sentensi yako iwe hivi: "Weka aikoni ya tovuti yako, ile picha ndogo inayoonekana kwenye kichupo cha kivinjari." Imerefuka kidogo ila mwanachuo hatauliza mara mbili. Ukitaka kuwafundisha na neno favikoni, yaani hiyo hiyo aikoni ya tovuti, wafundishe, wanalisikia kwa mafundi, ila lieleze kwanza.

Kuna kitu kimoja nakuomba usikitafsiri, jina la faili. Kivinjari chenyewe huwa kinatafuta faili linaloitwa favicon.ico kwenye folda kuu ya tovuti hata kama hujakielekeza, sasa ukiliita aikoni.ico hakitaliona mpaka uandike ndani ya head, ile sehemu ya mwanzo ya msimbo wa ukurasa, mstari huu: <link rel="icon" href="/aikoni.ico">. Hapo jina la faili ni lako, unaweza kuliita hata picha.ico, lakini rel na icon ni maneno ya kompyuta, yaache yalivyo, maana ukiandika rel="aikoni" haitaonekana na mtu atahangaika kutafuta kosa.

Sasa ikoni na aikoni. Zote zinatumika na zote zinaeleweka, moja imefuata maandishi ya Kiingereza na nyingine imefuata matamshi. Mimi naandika aikoni kwa sababu ndo ninavyosikia watu wanaitamka, wewe ukibaki na ikoni ni sawa, ila iwe hiyo hiyo mwanzo mpaka mwisho, usichanganye. Ngeli yake ni I-ZI, aikoni imeonekana, aikoni zimeonekana, hakuna haja ya maaikoni.