Safari ya Hema Huanza Kupangwa Jioni

Kila mwaka masika yanapokatika, kwenye mwezi Juni, jamaa zangu wa hapa Dar es Salaam huanza kuniuliza swali lile lile: tunataka kwenda kulala hifadhini kwa hema, je, tuondoke saa ngapi? Nami huwauliza kwanza wanataka hema liwe limesimama saa ngapi. Huku kwetu jua huzama kwenye saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima, likitangulia au kuchelewa kwa dakika kama ishirini tu, na giza halina subira. Kwa hiyo mimi huanza kuhesabu kutoka saa kumi jioni, hema likiwa limesimama na maji yakiwa yamekingwa, kisha hurudi nyuma hadi kuipata saa ya kuwasha gari.

Hesabu hiyo nilifundishwa na Hifadhi ya Mikumi. Tulikuwa mimi, mke wangu, watoto wawili na shemeji, na tulipanga kuondoka Tabata saa kumi na mbili asubuhi. Tukasubiri barafu, tukasubiri nyama, tukatoka saa nne. Kutoka Dar es Salaam hadi Mikumi ni kilomita zipatazo 283 kwa barabara ya Morogoro, na mimi nilikuwa nimezipigia hesabu kana kwamba barabara ile ni yangu peke yangu. Anayeijua foleni ya malori kati ya Kibaha na Chalinze atacheka. Tulifika langoni saa kumi na moja jioni, na tulipomaliza taratibu na kuingia kambini jua lilikuwa linagusa miti. Hema lenyewe lilikuwa la mtumba, nililinunua Ilala likiwa limekunjwa vizuri ndani ya mfuko wake, na sikuwahi kulifungua. Tukiwa tumewasha taa za gari ndipo tulipogundua kwamba nguzo moja ni fupi kuliko mwenzake, na nyingine uzi wake wa ndani umekatika, vipande vyake vikawa vinachomoka kila tulipoikunja. Shemeji ni fundi umeme, akaziunga kwa waya na utepe mweusi. Watoto walilala garini.

Tangu siku hiyo hakuna hema linalotoka kwangu bila kusimamishwa uani kwanza. Sitosheki na kulisimamisha tu, bali hulimwagia ndoo mbili za maji, kisha huingia ndani na kupapasa. Mara ya kwanza nilidhani kitambaa kimechakaa, kumbe maji yalikuwa yanapenya kwenye mishono ya pembeni, na fundi cherehani wa mtaani alilimaliza tatizo kwa kuongeza utepe wa turubai. Angalia pia zipu, kwa sababu zipu mbovu maana yake ni mbu usiku kucha. Baada ya uani, nenda ukajaribu karibu na nyumbani. Msitu wa Pugu na Kazimzumbwi, upande wa Kisarawe, hauko mbali na mjini, una nafasi ya kupiga kambi chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, na ukisahau kiberiti au mtoto akipata homa unarudi nyumbani usiku huo huo. Huwa nashangaa watu wanaotaka usiku wao wa kwanza wa hema uwe kwenye mbuga yenye simba.

Ukishaizoea kazi, chagua mahali kwa kuangalia mambo mnayotaka kufanya mchana. Mikumi inamfaa mwenye gari anayetaka kuona wanyama, kwa maana kwenye uwanda wa Mkata tembo, twiga, nyati na pundamilia huonekana bila kuhangaika sana. Udzungwa, ambayo lango lake la Mang'ula liko mwendo wa kilomita zipatazo 60 kutoka mji wa Mikumi, ni ya miguu tu. Ndani hakuna barabara za gari, na kupanda hadi maporomoko ya Sanje, yenye urefu wa mita 170, kunakula nusu siku na magoti. Saadani ina bahari na wanyama kwa pamoja, lakini mchanga wake haushiki vigingi vya kawaida. Huko mimi hujaza mchanga kwenye vifuko vya nguo, huvifunga kamba za hema, na kuvifukia. Wakati wa masika sehemu zote hizi ni za kuheshimu, hasa udongo mweusi wa Mikumi, ambao ukilowa hukamata tairi kama ugali unavyokamata mwiko.

Malipo ndiyo yanayokula muda ambao watu hawauhesabu. Katika hifadhi za taifa kiingilio ni kimoja, gari ni jingine, na kulala kambini kunalipiwa kwa kichwa kwa kila usiku, na vyote hulipwa kwa mtandao kwa namba ya malipo unayopewa, si kwa noti mkononi. Katika lango moja niliwahi kukaa dakika arobaini nikiinua simu juu kutafuta mtandao, huku nikilitazama jua. Piga simu hifadhini siku kadhaa kabla, uliza viwango vya mwaka huo, uliza kama unaweza kupata namba ya malipo mapema, na beba kitambulisho cha taifa ili utozwe kiwango cha raia. Uliza pia aina ya kambi. Kambi za umma kwa kawaida zina choo na mara nyingi maji, na utazishiriki na wengine, ilhali kambi maalumu huwekwa nafasi mapema, mnakuwa peke yenu, na kila kitu mnakwenda nacho wenyewe. Kwa familia yenye watoto wadogo, sioni sababu ya kuikimbilia kambi maalumu.

Habari ya wanyama inahitaji kuelezwa polepole. Kambi hizi hazina uzio. Tembo ana pua inayoweza kunusa embe au chungwa ndani ya hema, na kitambaa kwake si ukuta, kwa hiyo tunda lolote, hata ganda lake, lisilale mlipolala ninyi. Fisi hubeba viatu vya ngozi na sufuria yenye harufu ya mchuzi. Nyani ndiye mwizi wa mchana. Asubuhi ile ya kwanza Mikumi tulikwenda kunawa uso, hatua thelathini hivi, na tuliporudi dume mmoja alikuwa amekaa juu ya boksi la vyakula akichambua mkate kipande kimoja kimoja, mtulivu kama mwenye nyumba, wakati majike wawili wakivutana mfuko wa sukari. Tangu hapo vyakula vyote vinakaa garini, vioo vikiwa vimefungwa, na mtu mmoja habanduki kambini. Usiku, kabla ya kutoka kwenda chooni, funua zipu kidogo, mulika tochi pande zote, na ukiona macho yanakung'alia, rudi ndani usubiri. Sisi tunaingia na ndoo ndogo yenye mfuniko hemani, na hatuoni haya.

Maji napiga hesabu ya lita tatu za kunywa kwa kila mtu kwa siku, na dumu moja la lita ishirini kwa watu wanne kwa kupikia na kuoshea, hata nikiambiwa kambi ina bomba. Chakula cha usiku wa kwanza kiwe kimepikwa nyumbani, cha kupasha tu. Pilau inavumilia safari kuliko wali wa nazi, ambao joto la garini huuchachusha kabla hamjafika Morogoro. Jiko la gesi la mtungi mdogo linatosha, na kuni usizikate hifadhini. Takataka tunazifunga kwenye kiroba cha unga kilichooshwa, kinapanda gari na kurudi nasi mjini. Dar es Salaam inatudanganya kuhusu baridi. Juni na Julai baridi ya usiku wa bara hupenya kupitia chini, si kupitia juu, hivyo kabla ya kuongeza blanketi tandika mkeka au godoro jembamba.

Mambo mengine ni ya kawaida: tochi ya kichwani kwa kila mtu, chandarua, dawa za kila siku, betri ya akiba na kamba ya ziada. Lakini vyote hivyo vipakiwe kwanza. Hema, vigingi na nyundo viwe vya mwisho kuingia kwenye buti, ili mkifika mkifungua mlango ndivyo vinavyowaangukia mikononi.