Ukivaa Kinyago, Ishi Ndani Yake: Ushauri kwa Anayeanza Majora's Mask

Nimeumaliza mchezo wa video wa The Legend of Zelda: Majora's Mask mara tatu, mara mbili katika mashine ya Nintendo 3DS na mara moja katika Switch, na kila nikiombwa ushauri na mtu anayeanza, neno langu la kwanza ni hili: usivichukulie vinyago vyake kuwa zana tu. Wachezaji wengi hukwama, na wengine huuacha mchezo katikati, kwa sababu huvaa kinyago ili wavuke maji au wavunje mwamba, kisha hukivua papo hapo na kukimbilia hekalu linalofuata, yaani jengo la mafumbo na maadui. Anayecheza namna hiyo hupitwa na nusu ya utamu wake, na mahekalu yenyewe humshinda.

Mchezo huu ulitoka mwaka 2000 kwa mashine ya Nintendo 64, chini ya uongozi wa Eiji Aonuma na Yoshiaki Koizumi. Kijana Link, mhusika unayemwongoza, anajikuta katika nchi ya Termina, ambako kiumbe aitwaye Skull Kid, akiwa amevaa kinyago cha Majora, ameuvuta mwezi ili uuangukie mji wa Clock Town baada ya siku tatu, yaani saa 72. Silaha yako kubwa dhidi ya msiba huo ni okarina, ala ndogo ya kupuliza, kwa kuwa ukipiga kwayo Wimbo wa Wakati, unarudishwa alfajiri ya siku ya kwanza, na watu wote wanaanza upya bila kukumbuka lolote ulilowatendea. Kuna vinyago 24 kwa jumla, na vitatu kati yake, cha Deku, cha Goron na cha Zora, ndivyo utakavyovitegemea safari nzima, kwa sababu vinambadili Link mwili mzima.

Umbo la Deku hulichagui. Skull Kid anakugeuza mwanzoni kabisa, na siku zote tatu za kwanza unaziishi ukiwa kiumbe mdogo wa mti, asiye na upanga wala okarina. Mbwa wa mjini anakushambulia, na askari wa lango hakuruhusu kutoka kwa kuwa anakuona mtoto. Nilipocheza mara ya kwanza nilikasirika na kutafuta njia ya kukipita haraka kipande hiki, na nilikosea, maana hapo ndipo mchezo unapokufundisha lugha yake. Tumia siku hizo kuuzunguka mji. Jifunze kuruka juu ya maji, mara tano tu kabla ya kuzama, na kuingia ndani ya ua kubwa la mmea ili likurushe angani, kwa sababu usiku wa tatu, saa sita kamili, mnara wa saa utafunguliwa, na bila ua lililo mbele yake hutaufikia mlango wake.

Maumbo mawili yanayofuata ni ya marehemu, na hilo ndilo jambo ambalo ningependa kila mchezaji alitafakari kabla ya kubonyeza kitufe. Darmani alikuwa shujaa wa Wagoron, watu wa miamba, na roho yake inazurura katika milima ya Snowhead iliyogandishwa na baridi isiyo ya msimu wake. Mikau ni mpiga gitaa wa bendi ya Wazora, watu wa majini, nawe unamkuta akielea katika maji ya Great Bay, shakwe wakizunguka juu yake. Unaogelea nyuma yake na kumsukuma polepole hadi ufukweni, anajikokota mchangani hatua chache, kisha anasimama kwa nguvu zake za mwisho, analishika gitaa na kukuimbia yaliyompata: mayai ya mwimbaji wao Lulu yameibwa na maharamia, naye alijeruhiwa akijaribu kuyaokoa. Anaanguka. Unampigia Wimbo wa Uponyaji, roho yake inatulia, na uso wake unabaki mikononi mwako ukiwa kinyago.

Wengi wakishakipata kinyago hicho hupiga mbizi moja kwa moja kuelekea ngome ya maharamia. Nakushauri uende kwanza kwenye makazi ya Wazora ukiwa katika umbo la Mikau, uzungumze na kila mtu. Watakuita kwa jina lake na kukueleza mambo ya bendi kana kwamba hujawahi kuondoka, na hakuna hata mmoja ajuaye kwamba mwenzao amekwisha kuzikwa ufukweni. Fanya vivyo hivyo kwa Wagoron, ambao wanastaajabu kumwona Darmani yu hai. Mazungumzo hayo hayakupotezei muda, maana ndani yake mna dalili za kazi iliyo mbele yako, na zaidi ya hapo yanakufanya uipende kazi yenyewe. Mimi niliyatafuta mayai yale saba kwa moyo mwingine kabisa nilipokwisha kumwona Lulu amesimama kimya akiitazama bahari, sauti imempotea.

Kisha ufundishe mwili wako. Mgoron anatembea juu ya moto bila kudhurika na anabingirika kama gurudumu, lakini akiingia maji ya kina anazama kama jiwe. Kabla ya kuingia hekalu la Snowhead, tenga nusu siku ya mchezo ubingirike katika njia za mlimani hadi uweze kupiga kona bila kuanguka, kwa kuwa miba inayomtoka akishika kasi inakula uchawi, yaani akiba ya nguvu inayoonyeshwa kwenye skrini, na uchawi ukiisha katikati ya mrukio unatumbukia. Mzora naye anatembea sakafuni mwa bahari, anarusha mapezi yake yakamrudia, na anakata maji kwa mwendo wa ajabu. Hapo matoleo yanatofautiana: katika Nintendo 64 mwendo ule wa kasi ni wa bure, ilhali katika 3DS, toleo la mwaka 2015, unalipiwa kwa uchawi, kwa hiyo anayecheza toleo hilo abebe chupa ya dawa ya kijani. Baadaye, katika bonde la Ikana, utafundishwa wimbo unaoacha sanamu tupu ya umbo ulilo nalo wakati huo, na ndipo utakapotambua kwamba mchezo ulikuwa ukikuhesabia miili yako tangu mwanzo.

Kuhusu muda, saa 72 za Termina ni kama dakika 54 zetu katika toleo la kwanza, na hazitoshi kulimaliza hekalu kwa utulivu. Mara tu upatapo okarina, piga noti za Wimbo wa Wakati kinyumenyume ili saa ipunguze mwendo. Usiingie hekaluni kabla ya kufanya hivyo. Anza hekalu alfajiri ya siku ya kwanza, si mchana wa pili, kwa sababu ukirudi nyuma funguo na milango yote inaanza upya. Vinyago, nyimbo na silaha kubwa zinabaki, ila mishale, mabomu na fedha zinapotea. Fedha zenyewe zinaitwa rupia, jina ambalo wazee wetu wa pwani walilijua vizuri. Ziweke benki kabla ya kupiga wimbo. Mwenye benki atakugonga mhuri, na akiba yako itakungoja hata wakati ukirudi nyuma.

Onyo la mwisho linatuhusu sisi tunaohesabu saa kwa Kiswahili. Siku ya Termina inaanza jua linapochomoza, kama mchana wetu, lakini namba inayoonyeshwa ni 6 pale ambapo sisi tunasema saa kumi na mbili. Katika kisa cha Anju na mchumba wake Kafei, ambaye Skull Kid amemgeuza mtoto ilhali akili yake ni ya mtu mzima, Anju anakupa miadi ya 11:30 usiku jikoni kwenye nyumba ya wageni. Niliandika karatasini "saa kumi na moja na nusu", nikafika alfajiri, nikakuta jiko tupu, na barua aliyotaka kunikabidhi sikuipata. Ilinibidi kurudisha siku na kuanza upya. Andika "saa tano na nusu usiku", na fanya hivyo kwa kila miadi, kwa kuwa kisa hicho kinadai siku zote tatu na kosa moja tu linakikata. Usiku wa mwisho, mji ukiwa umekimbiwa na mwezi umejaa angani, kaa na Anju chumbani mwake. Kafei atafika alfajiri, ikiwa imebaki chini ya saa mbili, angali katika umbo la mtoto, na Anju atamtambua.