Seti nyekundu inakata pumzi: anza na ardhi

Mdogo wangu wa Mwanjelwa, umeuliza kwa nini seti yako nyekundu ya Magic, ule mchezo wa karata, inakata pumzi mpinzani akiwa bado mzima. Ni ardhi hizo, karata zinazotoa mana ya kulipia karata nyingine: 25 kwenye karata 60 ni nyingi mno kwa mtu wa kushambulia. Punguza hadi 20, ujaze viumbe vya mana moja, nakala nne nne. Kiumbe cha nguvu 2 kikishuka zamu ya kwanza na kisizuiwe, kufikia zamu ya nne kimeshakata uhai 6 kati ya 20 wa mpinzani, peke yake! Lightning Bolt, karata inayokata uhai 3, usiimalizie kwa vijiumbe. Zile 3 zake mtunzie mpinzani mwenyewe. Karata zako za majaribio za mana tano nazipenda kweli, ila bakiza mbili tu.