Wa shimoni ana sauti?

Kaka, umeuliza kama vijana wa mashimo ya dhahabu Ikolomani, kule Kakamega, wana haki ya kusikizwa, au ni kuchimba tu na kunyamaza. Wanayo, na si hisani ya tajiri. Sheria ya Kenya ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inataka kila mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama, na wafanyakazi wawe na wajumbe wao humo. Tena ukiripoti hatari kubwa kwa msimamizi, haruhusiwi kukurudisha pale kabla haijaondolewa. Yaani umeona gogo la kuzuia ukuta limepasuka na maji yanachuruzika, unasema, na hushuki.

Sasa ndipo pagumu: mashimo mengi Kakamega na Migori hayana mwajiri anayejulikana. Kuna mwenye shamba, mwenye shimo, na vijana wanaogawana mawe jioni. Kamati utamdai nani? Mimi ningeanza na ushirika, maana humo kila mwanachama ana kura moja, hata yule anayevuta kamba juu. Ila mkichagua viongozi, msimpe kiti karani wa mwenye shimo. Chagueni anayeshuka.